Kuzuia, kutoza kodi au kutoa leseni: serikali zinavyosimamia sarafu mtandao, na njia ipi itatufaa

Kila mwaka, kati ya Aprili na Juni, Bunge hukutana hapa Dodoma kwa mkutano wa bajeti, na kuelekea mwisho wa mkutano huo hupitishwa Sheria ya Fedha inayogusa kodi na tozo za kila namna. Ni kwa mlango huo ambapo sarafu mtandao, kama Bitcoin, ziliingia katika sheria zetu za kodi. Sheria ya Fedha ya 2024 iliweka kodi ya zuio ya asilimia 3 kwenye malipo yanayotokana na uhamishaji au ubadilishanaji wa mali za kidijitali, kuanzia tarehe 1 Julai mwaka huo, na mwenye jukwaa au anayewezesha muamala ndiye aliyetwishwa wajibu wa kuizuia na kuiwasilisha. Hata hivyo, Novemba 2019 Benki Kuu ya Tanzania ilikuwa imeutangazia umma kwamba sarafu hizo hazitambuliwi nchini na kwamba fedha halali ya malipo ni shilingi, na wakati kodi inaanza hapakuwa na sheria iliyoanzisha leseni ya jukwaa la kubadilishia sarafu hizo. Serikali, kwa maneno mengine, ilimwagiza mtu aikusanyie kodi kabla haijasema mtu huyo ni nani na ajiandikishe wapi.

Hali hiyo si ya Tanzania peke yake. Karibu kila serikali ilianza kwa kutoa tahadhari kwa umma, na tofauti zikaanza kuonekana katika hatua ya pili: wengine wakazuia, wengine wakatoza kodi, wengine wakanyoosha sheria waliyokuwa nayo ili ifunike jambo jipya, na wengine wakakaa chini kuandika sheria mpya. Makala hii inalinganisha hatua hizo kwa ajili ya msomaji ambaye siku moja ataitwa, au atajipeleka mwenyewe, mbele ya kamati ya Bunge kutoa maoni. Huyo anaweza kuwa mwanasheria, kiongozi wa SACCOS, mhadhiri wa Chuo Kikuu cha Dodoma, wakala wa fedha kwa simu, au kijana anayenunua dola za kidijitali kutoka kwa mtu asiyemfahamu katika kundi la Telegram na kumlipa kwa M-Pesa.

Nitapima kila njia kwa maswali matatu. La kwanza ni hili: mali ya mteja ikipotea, nani anawajibika, na je, anacho cha kulipia? La pili ni gharama ya usimamizi wenyewe, yaani wataalamu na bajeti ambavyo sheria inadai ili isibaki kwenye karatasi. La tatu ni kama njia hiyo inawaleta watu mbele ya msimamizi au inawasukuma mahali asipowaona. Sitayapa maswali haya uzito sawa. La kwanza ndilo linalotenganisha sheria nzuri na mbaya, lakini ndilo linalozungumzwa kidogo zaidi, kwa sababu mjadala wetu hutawaliwa na suala la kama Bitcoin ni fedha au si fedha, suala lenye utamu wake kwenye mhadhara lakini lisilomrudishia mtu hata shilingi mia.

Njia ya marufuku

Marufuku ina faida ya kweli ambayo watetezi wa sarafu mtandao hawapendi kuikubali: ni rahisi kuiandika na haihitaji idara mpya. Tena si kinyume cha viwango vya kimataifa. FATF, kikosi kazi cha kimataifa kinachoweka viwango vya kupambana na utakatishaji wa fedha, kilipanua pendekezo lake namba 15 mwaka 2018 ili lifunike mali za kidijitali, na kinaziachia nchi uhuru wa kuzuia shughuli hizo ama kuwapa leseni au kuwasajili watoa huduma wake. Kisichokubalika ni kukaa katikati, pasipo kuzuia wala kusajili. Tanzania iliwekwa kwenye orodha ya kijivu ya kikosi hicho, yaani ya nchi zinazofuatiliwa kwa karibu, Oktoba 2022 na ikaondolewa Juni 2025, na kwa nchi iliyotoka huko juzijuzi, kukaa katikati si mahali pa kupumzikia.

Wanaotaka marufuku hupenda kuitaja China, iliyofunga majukwaa ya ndani mwaka 2017 na Septemba 2021 ikatangaza kuwa shughuli zote za biashara ya sarafu hizo ni haramu. Mfano huo hautufai sana, kwa kuwa nchi ile ina udhibiti wa intaneti na wa mabenki ambao serikali chache duniani zinao. Mfano wa kuusoma kwa makini ni Nigeria. Tarehe 5 Februari 2021 benki kuu ya nchi hiyo iliyaagiza mabenki kufunga akaunti za watu na kampuni zinazofanya biashara ya sarafu mtandao. Biashara haikufa. Ilihama kutoka kwenye akaunti za kampuni, ambazo angalau zilikuwa na jina na anwani, ikaingia katika mauziano ya mtu na mtu, ambapo muuzaji anatuma sarafu na mnunuzi anatuma naira kwenye akaunti binafsi, na benki inaona malipo ya kawaida tu kama ya mtu aliyenunua viatu. Mwaka 2022 mamlaka ya masoko ya hisa na dhamana ya nchi hiyohiyo ilitoa kanuni za mali za kidijitali huku katazo la benki kuu likiwa bado hai, hivyo taasisi mbili za serikali moja zikawa zinazungumza lugha mbili. Desemba 2023 benki kuu ililegeza katazo na kuweka masharti ya kufungua akaunti za watoa huduma. Haikupita miezi mitatu, Februari 2024, viongozi wawili wa Binance, jukwaa la kimataifa la kubadilishia sarafu mtandao, waliokwenda Abuja kwa mazungumzo walizuiliwa, wakati serikali ikilituhumu jukwaa hilo kuchangia kuporomoka kwa naira. Hatimaye sheria mpya ya uwekezaji na dhamana iliyotiwa saini Machi 2025 ikazitambua mali za kidijitali kuwa ndani ya mamlaka ya msimamizi wa dhamana. Miaka minne, basi, ilitumika kufika mahali ambapo nchi ingeweza kuanzia.

India inaongeza funzo jingine la kisheria. Benki kuu yake ilitoa waraka wa namna hiyohiyo Aprili 2018, na Machi 2020 Mahakama ya Juu ikautengua kwa sababu hatua hiyo ilizidi kiasi, na benki haikuonyesha kwamba taasisi inazozisimamia zilikuwa zimepata madhara. Kwa anayeandaa maoni, hoja ni kwamba katazo lililosimama juu ya waraka au tangazo, pasipo sheria ya Bunge nyuma yake, ni ukuta usio na msingi. Algeria ililiona hilo na kulipitishia bungeni, kwanza katika sheria yake ya fedha ya 2018 na kisha katika sheria kali zaidi ya 2025. Atakayetaka kuzuia afuate njia hiyo, ingawa mimi simshauri.

Kwa swali la kwanza, marufuku inashindwa waziwazi. Aliyetapeliwa katika shughuli iliyokatazwa huogopa kwenda polisi, na tapeli anajua hilo.

Kodi iliyotangulia leseni

Kwa nini kodi hufika kabla ya usimamizi? Jibu halina siri kubwa: kodi ina kalenda, usimamizi hauna. Muswada wa Sheria ya Fedha lazima upite kila mwaka kabla ya tarehe 1 Julai, na kipengele chenye mistari michache kinaweza kuingizwa humo na kupita pamoja na mengine. Sheria ya usimamizi hutaka sera, muswada wake wenyewe, maoni ya wadau, kusomwa bungeni kwa hatua zake, na baadaye kanuni za waziri zinazochapishwa katika Gazeti la Serikali. Hakuna tarehe inayoilazimisha. Ndiyo maana nchi nyingi, na si zile maskini peke yake, zimejikuta zikitoza kitu ambacho hazijakisimamia.

Kenya ilianza hivyohivyo. Sheria yake ya fedha ya 2023 iliweka kodi ya asilimia 3 ya thamani yote ya mali ya kidijitali inayohamishwa, ikaanza kutumika Septemba 2023, na kufikia Julai 2025 ilikuwa imefutwa na kuwekwa ushuru wa asilimia 10 kwenye ada anazotoza mtoa huduma. Tofauti ya viwango hivyo viwili inahitaji kuhesabiwa. Mtu aliyeuza mali ya shilingi 1,000,000 chini ya utaratibu wa kwanza alikatwa shilingi 30,000 hata kama aliinunua kwa bei ileile au kwa bei ya juu zaidi. Chini ya utaratibu wa pili, jukwaa likitoza ada ya, tuseme, shilingi 5,000 kwa muamala huo, ushuru ni shilingi 500. Kodi ya kwanza inaangukia mtaji wenyewe, ya pili inaangukia mapato ya biashara. Kiwango chetu cha asilimia 3 kinafanana kwa sura na kile ambacho jirani amekiacha, na wadau wa bajeti wangefanya vyema kuwauliza wataalamu wa hazina ya Nairobi walichokiona kabla ya kukiacha.

India ilikwenda mbali zaidi: asilimia 30 ya faida kuanzia Aprili 2022, pasipo kuruhusu hasara ya mali moja kupunguza faida ya nyingine, na juu yake asilimia 1 ya kila mauzo inayokatwa papo hapo kuanzia Julai mwaka huo. Wafanyabiashara wengi walihamia majukwaa ya nje, na Desemba 2023 serikali ikalazimika kuyaandikia majukwaa tisa ya nje, Binance likiwemo, kwa kutojisajili chini ya sheria ya utakatishaji wa fedha. Kodi inayokatwa na jukwaa la ndani hulipa jukwaa la nje faida ya bure, isipokuwa kama kuna leseni inayomfanya mteja aone sababu ya kubaki nyumbani. Hapo ndipo kodi na usimamizi vinapofungamana: pasipo leseni, mkusanyaji wa kodi hana orodha ya watu wa kuwakagua.

Kwa swali la kwanza, kodi haijibu chochote. Inachukua sehemu ya muamala uliofanikiwa na kumwacha peke yake mtu ambaye muamala wake haukufanikiwa.

Kunyoosha sheria iliyopo: Afrika Kusini

Afrika Kusini haikusubiri sheria mpya. Oktoba 2022 mamlaka inayosimamia mienendo ya sekta ya fedha, FSCA, ilitangaza kuwa mali za kripto, yaani sarafu hizi, ni bidhaa ya kifedha chini ya sheria ya 2002 inayohusu washauri na wapatanishi wa huduma za fedha. Kwa tangazo hilo moja, kila anayemshauri mteja kununua au anayemfanyia muamala akawa mtu anayehitaji leseni ya aina ambayo tayari ilikuwapo, yenye fomu, ada na wakaguzi waliozoea kazi yao. Desemba mwaka huo watoa huduma hao wakaingizwa pia katika orodha ya taasisi zinazowajibika kutoa taarifa za miamala yenye mashaka. Maombi ya leseni yalianza kupokelewa Juni 2023, na kufikia Machi 2024 leseni 59 zilikuwa zimeidhinishwa.

Nchi hiyo ilikuwa na sababu ya kuharakisha. Mwaka 2020 kampuni iliyoitwa Mirror Trading International, iliyoahidi faida kutoka kwa mashine ya kibiashara isiyokosea, ilianguka baada ya kukusanya, kwa hesabu ya mamlaka ya Marekani iliyoishtaki, angalau Bitcoin 29,421 kutoka kwa watu wa nchi nyingi. Upatu wa namna hiyo hatuhitaji kuelezwa hapa Tanzania. Tuliouona wa DECI mwaka 2009 ulitumia daftari na foleni, na ulifanya kazi ileile.

Njia ya kunyoosha sheria ina kikomo chake, na ni vizuri kukiona kabla ya kuiiga. Sheria ya 2002 inashika mienendo ya mpatanishi: aseme kweli, asifiche hatari, awe na sifa. Haikuandikwa kwa ajili ya mtu anayetunza mali isiyoshikika ya maelfu ya wateja. Kikomo kingine kilijitokeza Mei 2025, Mahakama Kuu ya Pretoria iliposema kuwa kanuni za udhibiti wa fedha za kigeni, zilizoandikwa miaka mingi kabla ya kompyuta kuingia majumbani, hazizihusu sarafu mtandao; benki kuu ya nchi hiyo ikakata rufaa. Nguo ya zamani hufunika mabega lakini huacha magoti nje.

Sisi nasi tuna nguo za kunyoosha. Sheria ya Masoko ya Mitaji na Dhamana ya 1994 inaipa mamlaka yake, CMSA, uwezo juu ya madalali na washauri wa uwekezaji. Sheria ya Mifumo ya Malipo ya Taifa ya 2015 inaipa Benki Kuu mamlaka juu ya watoa huduma za malipo. Sheria ya Kuzuia Utakatishaji wa Fedha Haramu ya 2006 inao utaratibu wa watoa taarifa. Mwanzo, basi, upo.

Sheria mpya nzima: Ulaya na Kenya

Kwa upande wa pili kabisa kuna Umoja wa Ulaya na kanuni yake iitwayo MiCA. Ilipendekezwa Septemba 2020, ikapitishwa 2023, sehemu ya sarafu thabiti, zile ambazo thamani yake hufungwa kwenye fedha kama dola, ikaanza kutumika tarehe 30 Juni 2024 na sehemu iliyobaki tarehe 30 Desemba 2024, huku waliokuwapo sokoni wakiruhusiwa kipindi cha mpito ambacho nchi mwanachama zingeweza kukiendeleza hadi Julai 2026. Mtoaji wa sarafu lazima achapishe waraka wa maelezo na kuwajibika kwa yaliyomo, jukwaa lazima liwe na mtaji wa kutosha, na leseni ya nchi moja inatumika katika nchi zote 27. Faida hiyo ya mwisho ndiyo inayofanya gharama ya kanuni nzito iwe na maana: kampuni inalipia mlango mmoja na kupata soko la bara zima. Tanzania ikiandika kanuni nzito kama ile peke yake, itadai gharama ya Ulaya kwa soko la nchi moja, na Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo bado haijafikia sarafu moja iliyokubaliwa katika itifaki ya 2013, haitatuletea leseni ya pamoja hivi karibuni.

Kenya ilichagua sheria mpya lakini nyembamba kidogo. Rais William Ruto alitia saini sheria ya watoa huduma za mali za kidijitali Oktoba 2025, na sheria hiyo inagawa kazi kati ya benki kuu na mamlaka ya masoko ya mitaji. Ugawaji huo ni wa busara kwa namna ulivyoandikwa, kwa kuwa sarafu zinazotumika kulipa na zile zinazonunuliwa kama uwekezaji ni mambo mawili tofauti. Hatari yake ni ile ya Nigeria: taasisi mbili zisiposemezana, mtoa huduma huchagua mlango ulio rahisi.

Kuna pia waliozifanya sarafu hizi kuwa fedha halali. Jamhuri ya Afrika ya Kati iliipitisha Bitcoin Aprili 2022 na kuliondoa jambo hilo Machi 2023. El Salvador iliyoanza Septemba 2021 iliondoa ulazima wa kupokea sarafu hiyo Januari 2025, kufuatia makubaliano ya mkopo na Shirika la Fedha la Kimataifa. Sioni sababu ya kuliweka hili kwenye orodha ya machaguo.

Funguo ziko kwa nani: Japani

Japani ndiyo ninayoona ina la kutufundisha zaidi, kwa sababu ilijifunza kwa hasara na ikaandika hasara hiyo ndani ya sheria. Mwaka 2014 jukwaa la Mt. Gox la Tokyo lilifilisika baada ya kutangaza kupotea kwa takriban Bitcoin 850,000, ambazo baadhi tu zilipatikana baadaye. Serikali haikuzuia. Ilirekebisha sheria yake ya huduma za malipo mwaka 2016, na kuanzia Aprili 2017 kila jukwaa likatakiwa kusajiliwa na kutenga mali za wateja na mali zake lenyewe.

Januari 2018 jukwaa la Coincheck liliibiwa sarafu zenye thamani ya yeni takriban bilioni 58. Coincheck lilikuwa bado halijasajiliwa. Lilikuwa linaendelea kufanya kazi chini ya kipengele cha mpito kinachomruhusu mwombaji kuhudumia wateja huku maombi yake yakishughulikiwa, na sarafu zilizoibiwa zilitunzwa katika pochi ya kidijitali, yaani mahali zinapotunzwa funguo za siri za kuhamishia sarafu, iliyounganishwa na intaneti. Wabunge wakairudia sheria. Marekebisho yaliyoanza kutumika Mei 2020 yalitaka angalau asilimia 95 ya mali za wateja zitunzwe nje ya mtandao, na kiasi kinachobaki mtandaoni kilindwe kwa sarafu za jukwaa lenyewe za kiasi hichohicho.

Kisha likaja jaribio ambalo hakuna msimamizi angeweza kulipanga. Novemba 2022 kundi la kampuni za FTX, lililoendesha jukwaa kubwa la kubadilishia sarafu hizi, lilifilisika, na duniani kote wateja wakagundua kuwa mali walizodhani zimetunzwa zilikwisha kukopeshwa kwa kampuni dada ya kibiashara, Alameda. Tawi la Japani lilikuwa na mali za wateja wake zimetengwa, kama sheria ilivyotaka, na Februari 2023 wateja hao wakaanza kuchukua mali zao, wakati wenzao wa nchi nyingine wakiwa kwenye foleni ya wadai wa mufilisi. Kampuni ilikuwa moja na anguko lilikuwa moja. Kilichotofautiana ni sheria ya mahali mteja alipofungua akaunti.

Mkulima wa Kongwa anayepeleka mahindi soko la Kibaigwa angeielewa kanuni hii bila kufundishwa. Akikuta mtu mmoja ndiye mwenye ghala, ndiye mwenye mizani na ndiye mnunuzi, atajua kwamba lumbesa iko njiani hata kabla gunia halijashushwa. Jukwaa la sarafu mtandao lisilosimamiwa hutunza mali, hupanga bei na hufanya biashara kwa akaunti yake lenyewe, yote chini ya paa moja, na FTX ilionyesha mwisho wake.

Tena kanuni hii si ngeni kwetu. Huduma za fedha kwa simu zilipoanza mwaka 2008, hapakuwa na sheria iliyoziandikia. Benki Kuu haikuzizuia wala haikungoja sheria. Iliziruhusu kwa barua za kutokuwa na pingamizi, kwa masharti, na sharti kuu lilikuwa kwamba fedha za wateja zikae katika akaunti maalumu ya amana benki, mbali na fedha za kampuni ya simu. Sheria ya Mifumo ya Malipo ya Taifa na kanuni zake zilikuja 2015, zikaandika kile kilichokuwa kimekwisha kujaribiwa kwa miaka saba. Wakala aliyekaa kwenye kibanda pale Majengo hajui jina la sheria hiyo, lakini anajua kwamba salio la mteja si mtaji wa kampuni. Rais Samia Suluhu Hassan alipoitaka Benki Kuu, Juni 2021 jijini Mwanza, ianze kujiandaa kwa ajili ya sarafu hizi, benki hiyo ilikuwa tayari na uzoefu wa nyumbani wa kutosha kuanzia.

Uchaguzi ninaoupendekeza

Kwa anayeniuliza achague nini, jibu langu ni mwanzo wa Afrika Kusini uliobeba sharti la Japani. Majukwaa na madalali wanaobadilisha shilingi kuwa sarafu mtandao na kinyume chake waingizwe katika sheria zilizopo kwa marekebisho ya Bunge, si kwa tangazo, ili yasivunjwe mahakamani kama ilivyotokea India. Usimamizi ujikite pale shilingi inapogeuka, kwa kuwa huko ndiko mkono wa serikali unakofika kweli. Mtu anayehamisha sarafu kutoka pochi yake kwenda pochi yake nyingine hatafikiwa na sheria yoyote kwa gharama inayostahili. Utengaji wa mali za mteja uwe sharti la leseni lenyewe na lisiachiwe kanuni zitakazokuja baadaye, pamoja na katazo la jukwaa kukopesha mali hizo au kufanya nazo biashara.

Ugawaji wa madaraka ufuate matumizi. CMSA ichukue biashara na ushauri wa uwekezaji. Benki Kuu ichukue malipo na sarafu thabiti, zile zinazofungwa kwenye thamani ya dola. Hizi za mwisho zinaihusu moja kwa moja, kwa kuwa kanuni zilizoanza Machi 2025 zimekataza kupanga bei za bidhaa na huduma nchini kwa fedha za kigeni, na dola ya kidijitali kwenye simu ya mfanyabiashara wa alizeti wa Singida ni dola vilevile. Ulaya imemtaka mtoaji wa sarafu za aina hiyo aweke angalau asilimia 30 ya akiba yake katika amana za benki. Sisi, tusio na mtoaji wa ndani, tunahitaji kwanza kuamua kama jukwaa lenye leseni litaruhusiwa kuziuza na kwa masharti gani ya taarifa.

Wapo watakaosema leseni itawapa wananchi imani ya uongo kwamba serikali imezidhamini sarafu hizi. Hoja hiyo ni nzito kuliko hoja nyingi za wapinzani, na haijibiki kwa maneno matamu. Leseni haizuii bei kushuka nusu kwa wiki moja. Inaweza kujibiwa kwa sehemu tu, kwa kulazimisha kila tangazo la biashara liseme wazi kwamba hakuna bima ya amana inayofunika mali hizo, na kwa kumnyang'anya leseni anayesema kinyume.

Kuhusu kodi, ihamie kwenye ada za majukwaa yenye leseni, kama Kenya ilivyofanya, na faida ya mtu itozwe kama faida nyingine. Na kipindi cha mpito, ambacho ndicho kilichoigharimu Coincheck, kiandikwe kwa ukali kuliko sehemu nyingine yoyote ya muswada: mwombaji aliyekuwapo sokoni asajili wateja wapya baada tu ya kuthibitisha utengaji wa mali za wale alionao, kwa ripoti ya mkaguzi wa nje, na asiyewasilisha ripoti hiyo ndani ya miezi sita afungiwe njia za kupokea shilingi kupitia mabenki na kampuni za simu hadi atakapofanya hivyo.